Nzi wa Bandia, Chambo na Sheria: Mwongozo kwa Mvuvi wa Trauti Atumiaye Vitu Visivyo vya Kawaida

Mvuvi wa trauti nchini Marekani ambaye amezoea kujifungia nzi wake mwenyewe, hufika wakati ambapo vifaa vya dukani havimtoshi tena. Na hapo jicho lake huanza kuzunguka nyumbani, likaona nyuzi za dekio, singa za mbwa, sponji ya kufungia mizigo, na manyoya ya kanga aliyoletewa na jamaa kutoka Afrika Mashariki, na kila kimoja kikamtamanisha kwa rangi yake au kwa namna kinavyochezacheza majini. Tamaa hiyo ni njema, maana ufundi wa kufunga nzi haukukua ila kwa watu waliothubutu. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire, Uingereza, aliacha uzi wa hariri akafunga kwa waya mwembamba wa shaba na nyuzi za mkia wa ndege aitwaye feza, na nzi wake huyo leo yumo katika visanduku vya wavuvi wa dunia nzima. Lakini samaki si hakimu wa jambo hili. Kitu kinachomvuta trauti chaweza kukutia hatiani mara mbili: kwanza kwa sababu sheria ya mto inakiita chambo, na pili kwa sababu sheria ya wanyama haikuruhusu kuwa nacho kabisa, hata nyumbani mwako, hata bila ya kukitia majini.

Mwongozo huu umekusudiwa kukuwezesha kuyapima mambo hayo mawili wewe mwenyewe, kabla ya kufunga, si baada ya kuulizwa.

Kwa nini sheria hutenga nzi na chambo

Nzi wa bandia ni ndoana iliyofungwa uzi, manyoya, nywele au sufu kwa mfano wa mdudu au kisamaki. Trauti anapomtwaa hutambua mara moja kwamba si chakula, hutaka kumtema, na ndoana humnasa mdomoni. Chambo cha kweli, kama mnyoo au mayai ya samaki, kina ladha na harufu. Trauti hukishika, hukimeza, na ndoana hushuka mpaka kooni au karibu na mashavu, mahali ambapo kuitoa aghalabu ni kumwua. Katika maji ambayo samaki hurudishwa, au ambayo idadi ya kuchukuliwa ni ndogo, tofauti hiyo ndiyo uhai wa mto wote, na kwa hiyo maji mengi mazuri ya trauti yametengwa kwa nzi peke yake, au kwa nzi pamoja na chambo bandia kisicholika.

Ikamate sababu hii, kwa kuwa itakusaidia kila mahali ambapo maneno ya kanuni hayakuwa wazi. Sheria haichukii ugeni wa kitu. Inachokikataa ni kitu kinachomfanya samaki ameze.

Maswali mawili yasiyochanganywa

Swali la kwanza ni la maji: je, kitu hiki, kikiisha kufungwa, ni nzi au ni chambo kwa mujibu wa kanuni za jimbo hili na za mto huu? Jawabu lake limo katika kijitabu cha kanuni za uvuvi cha jimbo, ambacho hutolewa upya kila baada ya muda.

Swali la pili ni la milki: je, ni halali kwangu kuwa na unyoya huu, au nywele hizi, au ngozi hii? Jawabu lake halimo katika kijitabu cha uvuvi hata kidogo. Limo katika sheria za taifa na za jimbo juu ya ndege na wanyama wa mwitu, na katika mapatano ya mataifa. Wavuvi wengi wenye nia safi huanguka hapa, kwa kudhani kwamba ruhusa ya mto ni ruhusa ya kila kitu.

Majimbo hayasemi neno moja

Usichukue desturi ya jimbo moja ukaipeleka jingine. Tazama jinsi tafsiri zinavyoachana.

Colorado huhesabu nzi na chambo bandia kuwa ni vitu vilivyotengenezwa kwa malighafi ya asili au ya kiwandani, mradi haviliki na havina harufu. Na harufu hiyo ni haramu, ama iwe imetiwa kiwandani au imepakwa na mvuvi baadaye. Mbao, plastiki, mpira, kioo, nywele, chuma, manyoya: vyote vinakubalika. Mlango ni mpana kwa malighafi, lakini umefungwa kabisa kwa harufu.

California nayo hutoa chambo chenye harufu au ladha katika hesabu ya vitu bandia. Na nzi, kwao, ni kile kilichoundwa kwa njia ijulikanayo kuwa ni ufungaji wa nzi. Hapo hoja si kitu gani umekitumia, bali umekiunganishaje na ndoana.

Washington hutazama shina la ndoana: sehemu yake kubwa iwe imefunikwa kwa uzi, manyoya au sufu, ingawa utepe wa kung'aa na macho ya shanga vyaweza kuwa sehemu ya umbo. Kwa kipimo hicho, shanga iliyokazwa juu ya mshipi na ndoana tupu ikining'inia chini yake si nzi, hata ikivua vizuri namna gani.

Pennsylvania, katika maji yake ya nzi peke yake, ndiyo yenye maneno makali kuliko majimbo hayo. Nzi afungwe kwa namna ya kawaida juu ya ndoana moja, na sehemu zake zizungushwe juu ya ndoana au kandokando yake. Na imekatazwa kwa maneno ya wazi kutumia sanamu zilizosubuliwa, yaani zilizomiminwa katika kalibu, za wadudu, minyoo, mayai ya samaki au samaki, ziwe peke yake au zimechanganywa na kitu kingine.

Hifadhi ya Yellowstone ina kanuni zake yenyewe: vitu bandia tu, hakuna chambo chenye harufu, ndoana ziwe bila ya kile kijino kinachorudi nyuma, na hakuna risasi. Utepe laini wa risasi ambao wafungaji wengi huuzungusha chini ya mwili wa nzi ili azame, umo ndani ya katazo hilo. Nzi uliyemfunga nyumbani miaka kadhaa iliyopita, na ambaye kwa nje haonyeshi neno, aweza kuwa na risasi tumboni. Basi kama huna yakini, mwache.

Jinsi ya kukipima kitu kigeni: hatua kwa hatua

1. Kitaje kitu kwa jina lake la kweli na asili yake. Usiandike "manyoya ya kahawia". Andika ni ya ndege gani, yametoka wapi, na ulipataje. Usipoweza kuandika hivyo, simama hapo hapo.

2. Jibu swali la milki kwanza. Kitu ambacho si halali kuwa nacho hakihitaji kupimwa tena.

3. Fungua kijitabu cha kanuni cha mwaka huu, usome sehemu ya tafsiri ya maneno kabla ya kusoma jedwali la mito. Jedwali litakuambia tu "nzi peke yake". Maana ya neno "nzi" imefichwa kurasa za mbele, na humo ndimo kesi hushindwa au huponea.

4. Uliza kama kitu chalika. Nyama, ngozi mbichi, mkate, jibini, unga, ganda la kamba, mdudu mkavu: vyote hivi ni chakula au vilikuwa chakula, na kuvifunga kwa uzi hakuvigeuzi kuwa nzi.

5. Uliza kama kina harufu au ladha iliyotiwa. Soma karatasi ya dukani. Kisha kitie katika bilauri ya maji safi usiku kucha. Asubuhi tazama kama maji yamechafuka, yamefanya utando wa mafuta, au kitu kimelainika na kuanza kuyeyuka. Kinachoyeyuka ni chambo kwa sura na kwa maana.

6. Tazama umbo. Je, kimefungwa juu ya ndoana kwa uzi, au ni sanamu iliyokwisha tengenezwa ambayo wewe umeichoma tu kwa ndoana?

7. Soma kanuni ya mto wenyewe. Mto waweza kuwa na sharti zaidi ya jimbo, na sharti kali ndilo lifuatwalo.

8. Shaka ikibaki, iandikie idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, ueleze kitu na mto, na uhifadhi jawabu lao. Jawabu la mdomo haliwezi kuonyeshwa mtoni.

Vitu vinavyoulizwa mara kwa mara

*Nyuzi za dekio.* Hizi ni zile nyuzi nene laini kama kiwavi, zinazokatwa moja moja kutoka katika madekio ya kisasa na kufungwa juu ya ndoana kwa shanga kichwani. Ni za plastiki, haziliki, na hufungwa kwa uzi kama sufu yoyote. Kwa maoni yangu ni nzi halali mahali pengi kuliko wanavyodhani wanaozidharau. Neno moja la hadhari: dekio lililokwisha tumika limekunywa sabuni yenye manukato, na mengine huuzwa yakiwa na manukato tangu kiwandani. Nunua jipya lisilo na harufu.

*Minyoo laini ya mpira.* Hapa nakushauri kinyume. Mnyoo wa mpira uliosubuliwa, hata ukifungwa kwa uzi mwekundu mzuri, unakaribia mno lile katazo la Pennsylvania la sanamu za minyoo. Na mingi huuzwa ikiwa imetiwa chumvi au harufu. Ukiutaka mfano wa mnyoo katika maji ya nzi peke yake, tumia uzi wa mahameli, unaotoa umbo lile lile na haumwingizi mtu mashakani.

*Mayai ya samaki ya bandia.* Sufu iliyofungwa na kukatwa mviringo ni nzi. Yai la plastiki lililomiminwa ni sanamu. Yai la kweli lililokaushwa ni chambo, na huko Uingereza sheria ya 1975 inakataza kabisa kuvulia trauti kwa mayai ya samaki. Vitu vitatu vinavyofanana machoni, hukumu tatu.

*Utepe wa ngozi ya sungura.* Ngozi iliyodabaghiwa si chakula tena, na utepe huu umekuwa katika ufundi wa nzi kwa miaka mingi. Ngozi mbichi iliyokaushwa jikoni kwa chumvi ni jambo jingine. Ina mafuta na nyama, na itaanguka katika hatua ya nne.

*Manyoya ya tezi ya bata.* Ni yale madogo yanayozunguka tezi ya mafuta juu ya mkia, na mafuta yake ya asili humsaidia nzi kuelea. Wengine huogopa kwamba mafuta hayo ni harufu iliyotiwa. La, hayakutiwa na mtu, wala kazi yake si kumvuta samaki, na hutumiwa wazi kote. Kadhalika dawa za kuelesha nzi, maadamu hazina manukato.

*Singa za mbwa, paka na mbuzi.* Halali kwa wepesi, zikisafishwa. Mzee mmoja wa Devon, R. S. Austin, alitumia sufu ya sehemu za siri za kondoo dume katika nzi ambaye G. E. M. Skues alimpa jina la Tup's Indispensable, na wala hapakuwa na sheria iliyomzuia.

*Risasi.* Si Yellowstone peke yake. Uingereza ilizuia tangu 1987 vipande vingi vya risasi vya uvuvi kwa ajili ya bata-maji waliokuwa wakivimeza na kufa. Tumia shaba, chuma au tangisteni, na swali hili halitakusumbua tena.

Manyoya: mahali penye hatari kubwa

Marekani ina sheria ya ndege wahamao ya 1918, inayolinda zaidi ya aina elfu moja za ndege wa asili ya nchi. Sheria hiyo haikatazi kuua tu. Inakataza kuwa na ndege, kiota, yai au unyoya wake bila ya kibali. Unyoya wa kore uliouokota ukingoni mwa mto, uliodondoka wenyewe, umo ndani ya katazo. Na faini yaweza kufika dola 15,000 pamoja na kifungo cha miezi sita. Watu huona hukumu hii ni nzito kupita kiasi, lakini sababu yake ni thabiti: zama zile kofia za wanawake zilikuwa zikipambwa kwa manyoya hata makundi ya yangeyange yakakaribia kumalizika, na hakuna afisa awezaye kuutenga unyoya ulioanguka na unyoya wa ndege aliyepigwa. Mlango ukiachwa wazi kwa mwokotaji, mwindaji atapita humo humo.

Athari ya zama zile imebaki katika kanuni mpaka leo, kwa namna ya ajabu. Manyoya ya bata na mabata bukini waliowindwa kwa halali yanaruhusiwa kununuliwa na kuuzwa kwa kutengenezea nzi wa kuvulia, mito ya kulalia na magodoro. Lakini kwa kofia na mapambo yamekatazwa. Unyoya ule ule, mkono ule ule, na makusudio ndiyo yanayoleta hukumu.

Ndege wasiomo katika sheria hiyo ni kuku, kanga, tausi, feza, njiwa wa mjini, shomoro wa nyumbani na kwezi wa Ulaya, kwa kuwa si wa asili ya nchi ile. Batamzinga wa mwitu na kwale wa huko wamo chini ya sheria za majimbo. Tai ana sheria yake peke yake tangu 1940, na kwake usijaribu hata kuuliza.

Wafungaji wa nzi wa samoni wa mtindo wa kale hutamani ndege wa mbali zaidi, na tamaa hiyo imekwisha zaa maovu. Mwaka 2009 kijana Edwin Rist alivunja jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, baadhi zikiwa zimekusanywa na wanasayansi wa karne ya 19, akaziuza kwa wafungaji. Baadhi zilirudi zikiwa zimeng'olewa vibandiko vyao vya mahali na tarehe, na ngozi isiyo na kibandiko haiwezi kumfundisha mwanasayansi kitu. Nakusimulia haya ili ujue kwamba muuzaji asiyetaka kukuambia unyoya umetoka wapi, si lazima awe ni mjinga wa habari zake.

Kwa wanyama, dubu wa ncha ya kaskazini na sili wamo katika sheria ya Marekani ya 1972 ya mamalia wa baharini. Vitabu vya kale vya ufungaji vitakuagiza manyoya ya sili. Tumia sufu ya mbuzi wa angora iliyotiwa rangi, nayo hung'aa karibu sawa.

Kwa anayeletewa vitu kutoka nyumbani

Unyoya wa kanga, mweusi wenye madoa meupe, ni katika vitu bora vya kufungia ndevu za nzi. Lakini kanga wa mwitu nchini Kenya yumo chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na Tanzania chini ya ile ya 2009, na katika zote mbili unyoya ni nyara: kuwa nao bila ya kibali ni kosa, seuze kuusafirisha. Hili ni kweli hata kwa mvuvi wa huko huko, anayevua trauti katika mito ya Mlima Kenya au Aberdare. Swali la maji laweza kuwa jepesi kwake, na la milki likawa zito.

Kanga wa kufugwa ni jambo jingine, ila uwe na ithibati ya mfugaji. Hata hivyo, uwanja wa ndege wa Marekani una wakaguzi wa kilimo wanaohofu mafua ya ndege na mdondo, na manyoya yasiyotangazwa hutwaliwa. Shauri langu ni jepesi: usimwagize jamaa akubebee. Manyoya ya kanga wa kufugwa huuzwa huko huko uliko, yamesafishwa, kwa bei ya wastani.

Kongoti naye, yule korongo mkubwa mwenye upara anayeonekana majalalani, ndiye aliyewapa wafungaji manyoya laini yaitwayo marabu. Leo marabu ya dukani hutoka kwa batamzinga wa kufugwa. Anayekuuzia "ya asili kutoka Afrika" ama anakudanganya, ama anakutia kosani.

| MAKOSA YA KAWAIDA |
|---|
| Kudhani kwamba kinachouzwa dukani ni halali katika kila mto. |
| Kupaka nzi mafuta ya samaki "kidogo tu" katika maji yanayokataza harufu. |
| Kuwa na kopo la mayai au minyoo mfukoni ukivua mahali pa nzi peke yake. Baadhi ya maji hukataza hata kuwa navyo. |
| Kuokota mnyama aliyegongwa barabarani bila ya kuuliza. Majimbo mengine hutaka kibali, mengine hukataza. |
| Kutegemea kijitabu cha mwaka uliopita. |

Orodha ya kukagua kabla ya kutoka

☐ Leseni na kijitabu cha mwaka huu
☐ Nzi wa maji yenye sharti wamo katika kisanduku chao peke yao, mbali na wengine
☐ Vijino vya ndoana vimebanwa kwa koleo pale vinapokatazwa
☐ Hakuna risasi, wala nzi usiyejua kilichomo tumboni mwake
☐ Hakuna chupa ya harufu katika mkoba wala katika koti
☐ Stakabadhi za manyoya ya nadra ziko nyumbani pamoja na manyoya yenyewe, na picha zake ziko katika simu

Ukisimamishwa na afisa

Msalimu, mpe leseni, na umwonyeshe nzi aliye katika mshipi kabla hajakuuliza. Akiuliza ametengenezwa kwa nini, jibu kwa kitu, si kwa jina la nzi: "Ni uzi wa plastiki, sufu ya kondoo na waya wa shaba." Kama una jawabu la idara lililoandikwa, mpe alisome. Asiporidhika, usishindane naye mtoni. Mkate nzi huyo, mtie kando, funga mwingine asiye na shaka, na uombe jina la ofisi yake ili upeleke swali kwa maandishi. Akikuandikia hati ya kosa, ipokee, usimtupe nzi majini wala usimfumue, kwa maana huyo sasa ndiye ushahidi wako.